Kayaba Tano za Mama Dalmas

Landhi ya Reli, Nakuru
13 Februari 1955

Mama Chepkemboi, mkwe wangu,

Pokea salamu kwanza, maneno mengine yapange foleni nyuma yake. Mimi Nabalayo, mama yake Dalmas, ni mzima, na nikisema mzima ujue ni mzima kweli: juzi nilibeba gunia la makaa kutoka sokoni mpaka hapa kwenye nyumba zetu za landhi bila kulitua, na wanaume walisimama wakatazama. Masinde mume wangu hajambo. Reli wamempa koti jipya lenye vifungo vya shaba, na koti hilo hapewi kila mtu anayepaka mabehewa grisi. Dalmas wangu ndiye usiulize. Sasa ni karani wa mizigo pale stesheni, anakalia kiti kinachozunguka, na mwandiko wake hata yule Mhindi mkubwa wa ofisi huwaonyesha wengine. Namwona akitoka asubuhi na soksi zake nyeupe mpaka magotini, nasema, ee Mungu, huyu ni mimi nilimzaa.

Chepkemboi mtoto wako yupo.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kibukusu wewe hukijui, na lugha yenu inanishinda ulimi. Nilisoma misheni mpaka darasa la nne, kwa hiyo ukiona kosa ni la kalamu.

Sasa nikwambie habari. Unakumbuka ile miche mitano ya kayaba uliyotuletea siku ya harusi, Desemba 1950, ndani ya debe la mafuta ya taa? Leo nitasema kweli: siku ile moyo wangu ulisononeka. Watu wengine huleta mablanketi. Wewe ulileta miiba. Lakini nikaipanda kwa mstari mbele ya nyumba yangu na nyumba ya Dalmas, kwa sababu mimi situpi kitu cha mkwe. Na hii ardhi yetu unaijua: mawe, majivu ya injini, na upepo ukivuma kutoka ziwani unaleta lile vumbi jeupe linalochoma macho. Kabichi za Mama Owino, jirani yangu wa mkono wa kulia, zilikufa zote. Maua ya stesheni masta yalikufa, na yeye ana mtu wa kuyamwagilia. Kayaba zangu zilisimama kijani kama askari. Nilizipa maji ya kuoshea vyombo tu, na mbolea ya kuku.

Na mwaka huu zimezaa! Matunda ya manjano kama kiini cha yai, machungu kidogo na makali ya kukunja uso, lakini ukiyapika na sukari yanatoa jemu ambayo hata memsahibu wa klabu ya akina mama alilamba kijiko mara mbili. Nilimwona kwa macho yangu. Walinipa birika la enameli, la buluu, mbele ya watu wote. Wanawake wa landhi sasa wananiita Mama Jemu. Mimi sikuwaambia waniite hivyo.

Lakini, mkwe, ni tatu tu zilizozaa. Mbili zinatoa maua mengi ya kupendeza, halafu basi. Hakuna hata tunda moja la kumpa ndege. Zinakula mbolea ileile, zinakunywa maji yaleyale, zimekaa miaka ileile minne. Nikizitazama nakumbuka vitu vingine vilivyotoka kwenu siku ileile, ambavyo pia vinakula na kunywa. Sisemi zaidi. Wewe ni mtu mzima.

Ni mimi,
Nabalayo, Mama Dalmas


Shamba la Mkonge, Mogotio
27 Machi 1955

Mama Dalmas,

Salamu zako zimefika, na koti la Masinde, na soksi za Dalmas. Barua ilikaa dukani wiki tatu na nilipoipata ilikuwa imefunguliwa. Siku hizi za Hali ya Hatari barua za Nakuru husomwa na serikali kabla ya mwenyewe. Natumaini serikali imefurahia habari za birika.

Sisi tupo. Mume wangu Kiprugut bado ni nyapara wa wakata mkonge. Mvua hatujaiona tangu Oktoba. Mbuzi wamefika mahali pa kula magunia.

Kuhusu kayaba. Hizo mbili ziache. Usizipogoe, usizimwagilie zaidi, usizitukane. Zina kazi yao.

Kuhusu mtoto wangu. Koti ulilieleza kwa mistari mitatu. Yeye unasema "yupo". Hata jiwe lipo.

Na Dalmas alipona vizuri ile homa ya mashavu, matubwitubwi, iliyomshika mwaka wa kwanza wa ndoa? Chepkemboi alimuuguza mwezi mzima, na mwisho wake hukuniambia.

Cheptanui


Landhi ya Reli, Nakuru
22 Mei 1955

Mama Chepkemboi,

Nakusalimu kwa sababu nilifundishwa adabu. Sisi wote ni wazima. Mvua imenyesha huku Nakuru, ni nyinyi tu huko Mungu amewasahau. Masinde amekohoa kidogo, sasa hakohoi. Nyumba ya Mama Wangui, ile ya mwisho kwenye mstari wetu, bado ina kufuli tangu lori la askari liwachukue, na kuku wangu hutagia kwenye ngazi yake. Dalmas ameahidiwa baiskeli mpya ya kazi.

Nimesoma barua yako mara nyingi, haikuchukua muda kwa sababu ni fupi kama mkia wa mbuzi. Ati "zina kazi yao". Kazi gani? Kazi yao ni kula mbolea ya kuku wangu! Mimi nimelima tangu nikiwa msichana, kwetu Kimilili baba yangu alikuwa na mahindi mpaka mtoni, halafu mtu wa kwenye mkonge aniambie mti usiozaa una kazi.

Nimezikata. Jumamosi, kwa panga la Masinde. Nimezing'oa na mizizi.

Na nikwambie jambo lililotokea. Nilipoinua panga, mtoto wako alitoka mbio jikoni kwake, mikono ina unga, akanishika mkono. Mimi! Akasema, "Mama, tafadhali, hizo usikate." Nikamwuliza, "Kwa nini?" Akaangalia chini. Nikamwuliza tena, "Kwa nini, si useme?" Midomo imefungwa kama mlango wa posta Jumapili. Akaniachia mkono, akarudi ndani, akaendelea kukanda unga. Wewe ndiye ulimfundisha kunyamaza namna hiyo mbele ya mama mkwe wake?

Sasa nitaongea wazi, kwa sababu umenilazimisha. Miaka minne na nusu nimengoja mjukuu. Nimeshona kofia tatu za mtoto, sasa amezivaa mtoto wa Mama Owino. Akina mama mferejini, kwenye bomba la landhi, wanaponiuliza huku tunangoja debe zijae, mimi si mtu wa kuficha: nimewaambia mke wa Dalmas ni tasa. Nimelitamka, limetoka, na kifua changu kimepumua. Dalmas ni mtoto wangu wa kwanza. Siwezi kukaa nikatazama jina lake likikauka kama kabichi.

Kwa hiyo Chepkemboi anakuja kukusalimu. Nimempakilia sanduku lake la bati mwenyewe, nguo zote, na chupa mbili za jemu ujionee. Asifanye haraka kurudi. Ng'ombe wa mahari mbaki nao, sisi hatudai ng'ombe kama watu wenye njaa.

Matawi ya zile kayaba nimeyapatia kazi hatimaye. Nimeyapanga kwenye mlango wa jiko lake, kuku wasiingie.

Nabalayo


Shamba la Mkonge, Mogotio
3 Julai 1955

Mama Dalmas,

Mtoto amefika. Basi lilimshusha barabarani na akatembea na sanduku kichwani. Hakusema neno baya juu yako. Wewe umesema kurasa tatu.

Jemu nimempa mbwa. Hakula. Ni kali.

Jiko la mtu aliye hai haliwekwi miiba mlangoni. Hilo hata kwenu najua halifanywi.

Umeuliza kwa nini alikushika mkono halafu akanyamaza. Alinyamaza kwa sababu ana heshima, na jambo lenyewe si la mke wa mtoto kumwambia mama mkwe. Mimi sikuambii kwa sababu sina haraka. Umekata. Basi ngoja mwaka ugeuke.

Nauliza mara ya pili. Ile homa ya Dalmas ilishuka kutoka mashavuni mpaka chini, akashindwa kutembea. Dresa wa zahanati ya reli alimwambia arudi kumwona daktari. Alirudi?

Cheptanui


Landhi ya Reli, Nakuru
29 Januari 1956

Wewe Cheptanui,

Sikukujibu miezi sita kwa sababu sikutaka. Sasa nataka.

Sisi ni wazima, Mungu asifiwe, wote tunakula. Masinde ameanza kuongea habari ya kustaafu. Dalmas baiskeli alipata, Raleigh, nyeusi, ina taa mbele. Siku ya kwanza alipoileta nilimwambia azunguke nayo mbele ya mfereji mara mbili ili watu waione vizuri.

Nimemtafutia msichana. Anaitwa Nasimiyu, wa Kimilili, baba yake ni mwalimu, meno yake meupe na kwao wamezaliwa kumi na mmoja, wote hai. Ninakwambia ili usije ukasema ulifichwa. Nilimkatia Dalmas tikiti ya gari la moshi aende kumwona. Tikiti ikalala mezani mpaka tarehe ikapita. Nikamwuliza, "Baba, una nini?" Akasema, "Mama, kazi ni nyingi." Kazi gani ya Jumapili? Jioni akitoka stesheni anaegemeza baiskeli ukutani, anakaa kwenye ngazi kuangalia lile jiko lililozibwa, chakula changu kinapoa. Mtoto niliyemlea kwa maziwa na samli amebaki shingo na masikio. Huo ni ubaya wako wa kwanza.

Wa pili ni huu. Kayaba zangu tatu, zile nzuri, zile zilizonipa birika, mwaka huu hazikuzaa. Hata moja! Maua yalitoka, nikahesabu chupa, nikaahidi watu. Memsahibu wa klabu nilimwahidi. Mama Owino nilimwahidi, na yeye akaenda akanunua sukari. Halafu maua yakakauka yakaanguka chini kama mavumbi. Nikaongeza maji. Nikaongeza mbolea. Nikazungushia majivu. Zimenenepa, miiba imekuwa mirefu kama sindano ya magunia, tunda hakuna. Siku ya maonyesho ya klabu nilikaa nyuma na mikono mitupu, birika akapewa mwanamke wa Lanet aliyepika malenge. Malenge!

Mama Owino akanicheka waziwazi. "Mama Jemu, mwaka huu tulambe kijiko kitupu?"

Mimi nimezaa saba na nimefunga ndoa kanisani, siogopi mtu. Nakuuliza kama mtu mzima kwa mwenzake: umefanya nini kwa miti yangu? Ulikaa huko ukasema "ngoja mwaka ugeuke". Mtu asiyejua kitu hasemi hivyo. Ulichokifunga, kifungue.

Mama Dalmas


Shamba la Mkonge, Mogotio
26 Februari 1956

Mama Dalmas,

Hongera kwa baiskeli.

Kayaba ina dume na jike. Si kama mchungwa. Ni kama mbuzi: huyu ni dume, yule ni jike, kila mmoja na mwili wake. Huku Mogotio tumepakana na ua wa kayaba wa Mzungu tangu tulipokuja, kila mtu anajua. Nilidhani na wewe unajua, kwa sababu unajua vitu vingi.

Jike ndilo linalobeba tunda. Dume hutoa maua tu, mengi, yenye nyuzi za manjano, na nyuki wakitoka kwake wanakwenda kwa jike. Ukitazama ua la jike lina kidonge kidogo katikati. Dume moja linatosha majike mengi. Bila dume, majike hutoa maua yakaanguka. Maji hayasaidii. Mbolea haisaidii. Majivu pia.

Ile miche haikutoka kwenye mbegu. Mbegu huwezi kujua itakuwa nini. Nililaza matawi ardhini, nikayafukia, yakaota mizizi, kutoka kwa miti ninayoijua. Nilikuchagulia majike matatu na madume mawili, ili dume moja likifa na jua, moja libaki. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yangu. Blanketi lingekuwa limechakaa.

Ulikata madume. Ulipoyakata, Chepkemboi alijua. Lakini angekuambiaje? Wewe ni mama wa mume wake. Ungetaka asimame mbele yako akueleze habari ya dume na jike?

Sikufunga kitu. Majike yako ni mazima. Hayakuwa na kosa siku hiyo, na leo hayana. Jike lisipobeba, usilitazame jike peke yake.

Nauliza mara ya tatu habari ya daktari.

Cheptanui


Landhi ya Reli, Nakuru
12 Machi 1956

Cheptanui,

Leo salamu hakuna.

Unajiona mwerevu. Unafikiri sikuona? Unaandika "jike", unaandika "dume", unazungusha maneno kama mtu anayefunga mbuzi kwa kamba ndefu, halafu mwishoni, ati daktari. Unamtukana mtoto wangu! Dalmas! Mtoto aliyezaliwa mkubwa mpaka mkunga akaita wengine waje waone. Mtoto aliyetembea kabla ya miezi kumi. Nikimtembeza hapa landhi wanawake walikuwa wakitema mate kando, wasimtie jicho. Kwetu hakuna mwanamume asiyezaa, kwa baba yake hakuna, kwa babu yake hakuna, babu yake alizaa mpaka akasahau majina. Homa ya mashavu! Kila mtoto wa landhi ameugua homa ya mashavu. Wewe kama mtoto wako ameharibika, sema ameharibika, usipande juu ya kayaba ili umrushie mtoto wangu mawe.

Nitamsomea Dalmas barua yako leo jioni akitoka kazini. Ajue mkwe wake ni mtu wa namna gani. Halafu nitakuandikia alivyocheka, nijaze upande wa pili wa karatasi hii

Jumatano

Karatasi imekaa mezani. Naimalizia.

Nilianza kumsomea. Nikafika pale pa nyuki, akanyoosha mkono akaichukua, akaisoma mwenyewe mpaka mwisho akiwa amesimama na kofia kichwani. Akaikunja vizuri akaniwekea mezani. Akakaa. Akaniambia jambo. Siliandiki hapa, serikali inafungua barua.

Hakucheka.

Masinde hajui. Hatajua kwangu.

Nabalayo


Shamba la Mkonge, Mogotio
2 Aprili 1956

Mama Dalmas,

Tunakusalimu. Mvua imeanza, ya kwanza ya maana. Kiprugut ameumia mguu kwa mkonge lakini anatembea.

Dalmas alikuwa hapa Jumapili ya juzi. Najua hukumtuma. Alikuja na baiskeli kutoka Nakuru, soksi zimejaa vumbi, hazikuwa nyeupe. Alinisalimia vizuri, halafu akakaa na mtoto wangu nje, mbali na nyumba. Sikuwasikiliza. Alipoondoka ndipo Chepkemboi aliniambia, na ni mara ya kwanza kuniambia.

Daktari alimwona Dalmas mwaka 1953. Dalmas alimwambia mke wake siku hiyohiyo. Toka siku hiyo mtoto wangu amejua. Amechota maji mferejini kwako akiitwa lile jina, akajaza debe lake, akajitwisha, akaenda zake. Alilikubali ili mtoto wako asiitwe lingine. Mimi mama yake hakuniambia. Mimi nilikuwa nabahatisha tu, kwa sababu ya ile homa.

Nina hasira na wewe. Nimeona niandike hivyo, usije ukadhani hii mvua imenipoza.

Dalmas anataka arudi. Chepkemboi naye anataka kurudi, Mungu anajua kwa nini, kule kwenye vumbi lenu. Mimi nimekataa. Hatarudi kuchota maji penye lile jina. Ulilisema mferejini, lirudishe palepale mferejini, mbele ya walewale. Na yeye ametia sharti lake, gumu kuliko langu: Dalmas asitajwe. Akisikia umemtaja, harudi.

Sijui utafanyaje. Wewe ndiye una maneno mengi, yatafute.

Nimelaza tawi la dume. Limeshika mizizi.

Cheptanui


Landhi ya Reli, Nakuru
29 Aprili 1956

Mama Chepkemboi,

Nakusalimu, na mguu wa Kiprugut nausalimu peke yake. Mwambie apake mafuta ya kondoo. Sisi ni wazima. Masinde anauliza kwa nini siimbi siku hizi, nikamwambia koo.

Barua yako niliificha ndani ya birika la enameli, mahali ambapo hakuna mtu hugusa ila mimi. Wiki mbili sikwenda mferejini, nilimtuma Masinde, watu wakadhani naumwa. Nilikuwa natafuta maneno. Nikipata neno la kumsafisha mtoto wako, naona limemchafua wangu. Nikigeuza, hivyohivyo. Nilikasirika na wewe, nikakasirika na Dalmas, nikakasirika mpaka na yule daktari. Sitaki kukwambia nililia, kwa hiyo sikwambii.

Jana ilikuwa Jumamosi. Unajua Jumamosi mferejini: landhi nzima, debe zimepangwa kutoka mferejini mpaka nyumba ya Mama Wangui. Nilikwenda na debe langu na zile chupa tupu za jemu. Nikaziweka chini kwa kelele ili wageuke. Nikasema, na sauti yangu unaijua:

"Akina mama. Mwaka jana mlinisikia hapa nikisema kuna kayaba hazizai na kuna mtu hazai. Kayaba nilizikata. Mtu nilimfukuza. Mmeona wenyewe chupa zangu. Zile nilizokata ndizo zilikuwa madume. Mimi Nabalayo niliyepewa birika sikujua mti una dume, na mke wa Dalmas alijua, akanishika mkono, akanyamaza kwa adabu. Nilikuwa mjinga, na mimi nikiwa mjinga nakuwa mjinga kabisa, sifanyi nusu. Basi na lile jina nililompa halikuwa lake. Nimelichukua. Atakayelitaja tena atateka maji yake ziwani kwenye magadi, anywe na ndege heroe."

Maji yakamwagika kwenye debe la mtu bila kuangaliwa. Halafu Mama Owino, yeye hawezi kuacha kitu, akaweka mkono kiunoni akauliza, "Haya, Mama Jemu. Kama jina si la Chepkemboi, basi ni la nani?"

Nikaona macho yao. Nikaona ameanza kuhesabu kichwani, nyumba ile wako wawili tu. Nikamwambia, "Ni langu. Nipeni mimi. Niiteni tasa mimi hapa, mwenye watoto saba, tuone kama litashika."

Mmoja akacheka, wakacheka wote, ikawa mchezo. Mpaka leo asubuhi bado wananiita. "Tasa, umeamkaje?" Naitika. Mama Owino peke yake hakucheka. Alinitazama, halafu akaangalia chini, akanijazia debe langu kwanza ingawa haikuwa zamu yangu. Nadhani ameelewa. Hatasema. Ana mdomo lakini pia ana watoto wa kiume.

Kwa hiyo nimelirudisha. Dalmas sikumtaja, waulize.

Usifikiri sasa tumekuwa marafiki. Lile neno lako la mbwa na jemu sijalisahau, na mbwa wako hana ulimi. Mjukuu bado namtaka na sijui nimwombe nani. Nikizitazama zile kofia kwenye kichwa cha mtoto wa Mama Owino bado nageuza uso. Lakini Nasimiyu wa Kimilili nimewaandikia kwao wasingoje. Nimesema mtoto wangu ana mke.

Nakuja kuchukua dume. Jumamosi baada ya hii ijayo, kwa basi la asubuhi. Nakuja kwa ajili ya mche, usije ukaambia watu nimekuja kupiga magoti. Lakini mimi sijui kuubeba bila kuvunja mizizi. Chepkemboi anajua. Kama anaweza kuubeba yeye mpaka hapa, autie mwenyewe kwenye shimo, litakuwa jambo jema. Shimo Dalmas amechimba tangu Jumanne, amelichimba kubwa mno, lingetosha nguzo ya simu.

Na mlango wa jiko lake uko wazi. Matawi nimeyaondoa jana jioni kwa mikono yangu, moja moja. Yalikuwa yamekauka, na kayaba ikikauka miiba inazidi kuwa mikali. Kidole cha kushikia kalamu kimevimba, ndiyo sababu mwandiko huu si mzuri kama wa siku zote. Nimekueleza sababu tu. Usinihurumie.

Mwambie moto nimeshauwasha, kutoa buibui.

Nabalayo